Gari limeinuliwa, propela inalia

Mvua zikikaribia, maswali ya kuinua magari huja kwa fungu. Safari hii nimechagua yanayohusu propela shafti peke yake, lile bomba linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye ekseli, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mtu ananunua springi, ananunua matairi, anapiga picha na kuwatumia marafiki, halafu miezi michache baadaye gari linavuma kama mashine ya kusaga na hajui aanzie wapi. Wenye maswali ya injini wavumilie hadi toleo lijalo.

KARATU: Nikate propela niirefushe?

*Shikamoo fundi. Naendesha watalii kwa Land Cruiser HZJ75 ya 1996. Bosi aliiinua kwa kuongeza jani kwenye springi na kufunga shakeli ndefu, jumla kama inchi 4. Tangu hapo nikifika 80 kwenye lami ya Makuyuni kuna mtetemo chini ya viti vya nyuma, hasa nikikanyaga mafuta. Nikiachia unapungua. Krosi za nyuma nilishabadilisha, zimekwisha tena. Fundi wa hapa anasema propela imekuwa fupi, ikatwe irefushwe. Nikubali?*

Marahaba mwanangu. Usikubali, angalau bado. Jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe: ukikanyaga linatetemeka, ukiachia linatulia. Propela iliyo fupi haifanyi hivyo. Propela fupi inakaa kimya kwenye lami, halafu siku gurudumu linaning'inia kwenye korongo, splaini, yale meno ambayo propela hutelezea ili irefuke na kufupika, zinachomoka. Mtetemo unaofuata mguu wako kwenye mafuta ni wa pembe.

Nitaeleza taratibu, maana bosi wako naye atataka kuelewa kabla ya kutoa hela. Krosi ni kile kiungo cha msalaba kwenye ncha ya propela kinachoiruhusu kupinda. Krosi moja ikizunguka huku imepinda, haipeleki mwendo ulio sawa. Upande wa transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, unazunguka vizuri, lakini upande wa pili unakimbia kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ikipinda digrii 10, kukimbia na kuchelewa huko ni kama asilimia 1.5. Ikipinda digrii 20, ni asilimia 6. Yaani pembe ikizidi mara mbili, msukosuko unazidi mara nne. Ndiyo sababu inchi 2 za kuinua mara nyingi hazikusumbui, na inchi 4 zinakunyima usingizi.

Kiwanda kilijua hili, kikaweka krosi mbili ili ya pili ifute kosa la ya kwanza. Inalifuta kwa masharti. Pembe ya krosi ya juu na ya krosi ya chini ziwe sawa. Na yoki za ncha mbili za propela, ile mikono inayoshika krosi, ziwe zimelala kwenye mstari mmoja. Sharti moja likivunjika, kosa halifutwi. Linaingia kwenye beringi za pinioni (ile shafti fupi ya difu inayopokea propela), kwenye bodi, na kwenye mgongo wa mgeni wako.

Sasa tazama shakeli. Springi ya nyuma imeshikwa na pini upande wa mbele na shakeli upande wa nyuma. Ukiweka shakeli ndefu, ncha ya nyuma ya springi inashushwa mbali na chasisi, ekseli inajizungusha, na pua ya difu, lile boga la gia katikati ya ekseli, inatazama juu. Wengi wanadhani hilo ni jema kwa sababu pua inaelekea propela. Lingekuwa jema kama ungekuwa na propela ya aina nyingine nitakayoitaja kwenye swali la Maralal. Kwa propela ya kawaida yenye krosi moja kila ncha ni balaa, kwa sababu krosi ya chini imenyooshwa wakati ya juu imepinda zaidi. Na ukikanyaga mafuta, majani ya springi yanajipinda na pua inapanda tena. Hapo ndipo unaposikia mtetemo. Ukiachia, pua inarudi, unapungua.

Kabla ya kununua chochote, pima. Paki gari pasipo na mteremko, likiwa na uzito linaobeba kazini: tangi limejaa, maji yamo, na watu wazima wamekaa kwenye viti. Gari tupu litakudanganya. Chukua kipimapembe cha mwanafunzi, funga uzi wenye nati katikati yake, au tumia simu yenye programu ya kupima mteremko. Pima sehemu tatu: uso wa flanji ya transfa, bomba la propela, na uso wa flanji ya difu. Uso wa flanji uko wima, kwa hiyo unasoma umeegemea kiasi gani kutoka kwenye timazi. Bomba unasoma limeinama kiasi gani kutoka kwenye pima maji.

Mfano wa hesabu. Tuseme transfa inateremka kuelekea nyuma digrii 3, propela inateremka 13, na pinioni inateremka 7. Krosi ya juu ina 13 kutoa 3, yaani 10. Krosi ya chini ina 13 kutoa 7, yaani 6. Tofauti ni digrii 4, na ukikanyaga mafuta itaongezeka. Unachotaka ni pinioni ilingane na transfa, kisha uishushe pua digrii 1 au 2 zaidi, ili majani yakijipinda mlimani ndipo ilingane kabisa.

Njia ya kwanza na ya bei nafuu: rudisha shakeli za asili. Kwanza hazikupi unachodhani, kwa kuwa shakeli iliyorefushwa inchi 2 inainua gari inchi 1 tu. Ukizitoa, pua inashuka na gari linashuka, vyote viwili vinakusaidia. Pima upya. Ikibaki tofauti, weka kabari kati ya springi na kiti chake kwenye ekseli. Nunua ya chuma. Za aluminiamu nimeziona zimepasuka vipande viwili ndani ya yu-bolti, na dereva anashangaa kwa nini gari linatembea upande. Kabari ikiingia, badilisha senta bolti iwe ndefu ya kutosha, kaza yu-bolti, na baada ya safari ya kwanza kaza tena. Usiniulize upande mnene uelekee wapi: inategemea springi iko juu au chini ya ekseli. Igeuze uone pua inakwenda wapi.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze urefu. Inua gari, weka stendi chini ya chasisi, acha ekseli ining'inie hadi shokapu zifike mwisho. Chora alama kwa chaki pale splaini zinapoingia. Kisha shusha gari, lipakie, chora tena. Mimi sikubali gari liondoke kwangu kama ekseli ikining'inia splaini zilizobaki ndani hazifiki nusu ya urefu wake. Kwa propela ya mbele, ambayo mara nyingi ni fupi zaidi, tatizo huja haraka. Piga hesabu: propela ambayo ncha zake zimeachana sentimita 70 kwa ulalo na 20 kwa kimo ina urefu wa sentimita 72.8. Inua gari sentimita 10, urefu unaohitajika ni 76.2. Sentimita 3.4 zimepotea kabla hujaingia shimo lolote. Ile ambayo ncha zimeachana sentimita 110 inapoteza 2.2 tu.

Ukitaka kujua kama mbele nako kuna kelele, 75 yako ina fri habu, vile vifungo vya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na ekseli. Funga habu zote mbili lakini usiingize four, tembea kwenye lami. Propela ya mbele itazunguka bila kubeba kazi. Mtetemo ukibadilika, mbele nako kuna shauri. Four yenyewe, yaani kuendesha magurudumu yote manne, usiiingize kwenye lami kavu kwa majaribio. Gari hilo halina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo.

Na mwambie bosi kwa heshima: springi haiinui difu kutoka ardhini. Inainua bodi. Boga la difu linalokwama kwenye udongo mweusi wa Ndutu liko pale pale lilipokuwa, kwa sababu limekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye matairi. Tairi lililozidi inchi 2 kwa kimo linainua difu inchi 1, na hakuna njia nyingine. Inchi 2 za springi nzuri na tairi linaloenea zinatosha kwa njia ya kuteremka Seneto na kupanda Lerai kwenye kreta ya Ngorongoro, mwaka mzima. Inchi 4 ni za picha.

LUSHOTO: Nikiinua bodi tu?

*Fundi, habari za kazi. Nina Suzuki SJ413 niliyoachiwa na baba. Nataka matairi makubwa kidogo. Rafiki ananishauri niinue bodi badala ya springi, eti propela haziguswi. Ni kweli?*

Nzuri dada, na pole kama baba ametangulia. Rafiki yako anasema kweli. Ukiweka vipande kati ya bodi na chasisi, injini, gia boksi, transfa na ekseli vinabaki vilipokuwa, na propela hazijui kama kuna kilichotokea. Angalia tu levani za gia zisigonge sakafu, shafti ya usukani iwe na nafasi, mipira ya rejeta na ya kujazia mafuta isivutike. Inchi 2 ndiyo mwisho wangu kwa bodi. Zaidi ya hapo boliti ndefu zinaanza kufanya kazi zisizozaliwa nayo.

Ukija kugusa springi, kumbuka kwamba Suzuki hiyo ina propela tatu. Transfa yake imesimama peke yake, na kuna kipande kifupi kinachotoka gia boksi kuja kwake. Kipande hicho hakibadiliki ukiinua springi. Ya mbele na ya nyuma ndizo zinazovutika, na wenye Suzuki huziba pengo kwa kuweka kipande cha chuma kilichokerezwa kati ya flanji ya propela na flanji ya difu au transfa. Ni dawa halali kwa urefu, mradi boliti ziwe ndefu na ngumu za daraja la 10.9. Pembe haizitibu.

MARALAL: Usukani umepona, kelele imezaliwa

*Salamu fundi, nakusoma kutoka Maralal. Gari ni Land Rover Defender 110 yenye 300Tdi. Nilifunga koili za kuinua, karibu inchi 3. Usukani ukawa mwepesi kupita kiasi, gari likawa linatangatanga barabarani. Nikaletewa bushi za kurekebisha kasta, nikafunga, usukani ukarudi vizuri sana. Lakini tangu siku hiyo mbele kunavuma kuanzia 60. Bushi ni mbovu?*

Bushi ni nzima na zimefanya kazi yake. Zimefanya kazi mbili, ndiyo shida.

Ndugu yangu, Maralal mmekaa na Land Rover kuliko sisi huku, kwa hiyo nitaruka utangulizi. Ekseli ya mbele ya 110 imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma kwenye chasisi na kuja kuikumbatia ekseli. Ukiinua gari, mikono inainama, na ekseli nzima inainama pamoja nayo: juu inakwenda mbele. Kasta, yaani kule kuegemea nyuma kwa mhimili ambao gurudumu hugeukia, kiwandani ni kama digrii 3 tu, kwa hiyo hakuna akiba ya kupoteza. Ndiyo maana usukani wako uliacha kurudi wenyewe. Lakini ekseli ilipoinama hivyo, pua ya difu, ambayo kwa mbele inatazama nyuma, ilipanda kuelekea transfa. Kwa upande wa propela ulikuwa umepata nafuu bila kuomba.

Bushi zenye tundu la pembeni zimerudisha ekseli nyuma. Kasta imerudi, na pua ya difu imeshuka. Sasa krosi ya difu imepinda kuliko siku zote huku gari likiwa juu. Kasta na pinioni ziko kwenye chuma kimoja. Ukigeuza hiki umegeuza na kile. Mtu yeyote anayekuuzia bushi za kasta bila kukuambia hili amekuuzia nusu ya habari.

Na 110, tofauti na ile Cruiser ya Karatu, ina four ya kudumu. Propela ya mbele inazunguka kila dakika gari linapotembea. Hakuna habu za kufungua ili upumzike.

Kwanza hakikisha ni yenyewe. Weka kabari kwenye matairi na vuta breki ya mkono kabla hujaingia chini. Breki hiyo inashika transfa, na ukishafungua propela, nguvu yake ya kushikilia gari inabaki kwa magurudumu ya nyuma tu. Fungua boliti nane za propela ya mbele, ni 3/8 UNF na kichwa chake ni spana ya 9/16, usilazimishe 14. Iteremshe, funga lever ya difu ya katikati, maana usipoifunga gari halitaondoka mahali. Tembea mwendo mfupi kwenye barabara nzuri. Kelele ikiondoka, umempata. Ikibaki, tafuta kwenye beringi za magurudumu au kwenye matairi. Tairi lisilo na balansi hutikisa usukani polepole, kama mara 9 kwa sekunde ukiwa 80. Propela kwa mwendo huo huo inazunguka zaidi ya mara 30 kwa sekunde, na krosi yenye pembe inapiga mara mbili ya hapo. Tairi unaliona mikononi. Propela unaisikia miguuni na masikioni.

Akiwa ni yeye, una njia tatu na sizipendi kwa usawa.

Ya kwanza ni kushuka. Koili za inchi 2 na bushi hizo hizo zinakubalika kwa magari mengi na propela ya asili. Ningeanzia hapo, na najua hutanisikiliza.

Ya pili ni propela ya krosi pacha, ambayo wengine huiita dabo kadani. Upande wa transfa inakuwa na krosi mbili zilizoshikana, na katikati yake kuna kitovu kinachozilazimisha kugawana pembe nusu kwa nusu. Kwa hiyo zinafutana zenyewe pale pale juu, bila kuitegemea krosi ya difu. Land Rover wenyewe waliifunga mbele ya Discovery 2, na ndiyo watu wengi huiazima. Lakini ina sharti ambalo fundi wengi hulisahau: kwa kuwa juu pameshajitosheleza, krosi ya difu inatakiwa iwe karibu kunyooka. Pua ya difu itazame propela moja kwa moja. Sasa wewe umeishusha kwa bushi. Ukifunga krosi pacha ukaacha bushi, utaondoa sehemu ya kelele na kubaki na sehemu.

Na kama unachukua ya Discovery 2, usichukue ile ya asili isiyo na nipo za grisi. Sifa yake inajulikana: imekaa karibu na joto la ekzosti, haipakwi grisi, kitovu kinakauka, krosi inavunjika, na bomba linalozunguka linatoboa boma la gia boksi. Tafuta iliyotengenezwa upya yenye nipo, kitovu kikiwa nayo pia. Kabla ya kulipa, linganisha matundu ya flanji na ya gari lako, na upime urefu ikiwa imefungwa na ikiwa imevutwa.

Ya tatu ndiyo sahihi kuliko zote na ndiyo ghali: rudisha bushi za asili, acha pua ya difu ipande ielekee propela, halafu kasta irekebishwe kwenye mwisho wa ekseli, pale nyumba ya swivel, kile kiungo ambacho gurudumu hugeukia, inapofungwa kwa boliti. Kuna nyumba za swivel zenye matundu yaliyotobolewa kwa kuzungushwa digrii kadhaa. Magurudumu yanapata kasta yake, difu inabaki inapotaka, krosi pacha inakaa kwa raha. Nimefunga magari ya namna hiyo na sijayasikia tena yakilalamika mbele.

Ukiwa chini ya gari, tazama mipira ya breki. Kwa inchi 3, ekseli ikining'inia, mpira uliokuwa na ulegevu unakuwa kamba ya gitaa. Huo haukungoji.

MUSCAT: Yoki hazilingani

*Assalaam aleikum fundi. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Land Cruiser yangu ya 80, four ya kudumu, nimeiinua inchi 2 kwa ajili ya njia za Jabal Akhdar, na ilikuwa kimya kabisa. Karibuni nilipeleka propela ya mbele kubadilishwa krosi. Fundi akaniambia yoki zilikuwa zimefungwa kimakosa, hazilingani, akazilinganisha. Sasa inatetemeka.*

Waaleikum salaam. Fundi wako alisoma kanuni vizuri na hakulisoma gari. Kule juu nimesema yoki zilale kwenye mstari mmoja, na kwa propela nyingi ndivyo. Lakini propela ya mbele ya 80 za four ya kudumu imetoka kiwandani yoki zikiwa zimepishana digrii 90, kwa makusudi. Vuta splaini, zungusha robo, rudisha. Kwa inchi 2 itanyamaza kama mwanzo.

Ukipanda juu zaidi na kurekebisha kasta, hesabu ya pembe inabadilika, na hapo wenye 80 wengi huhamia kwenye krosi pacha. Kwa sasa huna haja.

Kwa mafundi wanaosoma: kabla ya kuvuta splaini za propela yoyote, piga alama kwa senta panchi pande zote mbili. Chaki hufutika kwenye dizeli, na macho hudanganya.

KAHAMA: Nataka kuzirefusha mwenyewe

*Fundi mwenzangu, nina karakana, nina mashine ya kukereza na ya kuchomelea. Wateja wa machimboni wanainua pikapu za zamani na wanataka propela ndefu. Nikate katikati nichomee kipande? Na bomba la maji la chuma linafaa?*

Bomba la maji hapana, na usirudie kuliuliza mbele ya mteja. Lile lina mshono, unene wake unabadilika, na chuma chake hakikutengenezwa kwa kuzungushwa na kupindwa na injini ya dizeli. Tafuta bomba la propela lenyewe au bomba la chuma lisilo na mshono lenye unene unaolingana na la zamani au kuzidi kidogo.

Kukata katikati na kuchomea kipande pia sikushauri. Unajipa mishono miwili mipya mahali ambapo bomba huyumba zaidi. Weka propela kwenye mashine ya kukereza, kata mshono wa zamani kwenye ncha mpaka yoki itoke na shingo yake nzima, tupa bomba lote, kata jipya kwa urefu unaotaka. Shingo ya yoki iingie ndani ya bomba kwa kugongwa na nyundo. Ikiingia kwa mkono, kazi imeharibika kabla hujawasha moto. Linganisha yoki kabla ya kuchomea: laza yoki zote mbili juu ya meza bapa, weka pima maji kwenye pini za krosi, ncha hii na ile zisome sawa. Ila kama ni gari kama la Muscat, fuata alama ulizopiga.

Chomea pointi nne zinazotazamana, rudisha kwenye mashine, zungusha kwa mkono huku saa ya kupimia imegusa bomba. Mimi nikiona linayumba zaidi ya nusu milimita nanyoosha kabla ya kuendelea, kwa kugonga au kwa kupasha moto upande mrefu na kuumwagia maji. Kisha ndipo uzungushe mshono kamili, vipande vifupi, ukibadilisha upande ili joto lisivute.

Halafu balansi. Najua Kahama hakuna mashine ya balansi ya propela kila kona. Kwa ya mbele ya gari la habu, inayozunguka porini tu kwa mwendo wa polepole, iliyonyooka vizuri kwenye mashine ya kukereza utaishi nayo. Kwa ya nyuma ya gari linalokimbia lami kwenda Shinyanga, itume mjini ikapimwe, mteja alipie. Akikataa, mwandikie kwenye risiti kwamba amekataa.

Angalia na urefu wenyewe. Kila bomba lina mwendo ambao likiufikia linaanza kujipinda katikati lenyewe, na mwendo huo unashuka kwa mraba wa urefu: ukirefusha bomba kwa sehemu moja ya kumi, mwendo huo unashuka karibu sehemu moja ya sita. Kwa sentimita 3 au 4 kwenye pikapu haina neno. Kwa wale wanaorefusha chasisi ili kupata viti zaidi, weka bomba nene kwa kipenyo, au ligawe mara mbili na beringi ya katikati.

Mwisho, grisi. Kwenye krosi pampu mpaka grisi mpya itokee kwenye sili zote nne. Ikitokea tatu, ya nne imeziba na hiyo ndiyo itakayokufa. Kwenye splaini fanya kinyume: pampu kidogo tu. Ukijaza tundu lote hakuna pa kwenda, na gari likishuka kwa kishindo propela haiwezi kujifupisha. Inakuwa mtaimbo unaosukuma pinioni upande huu na transfa upande ule. Nimepokea transfa zilizoanza kuvuja oili sili mwezi mmoja baada ya mtu kupaka grisi kwa mapenzi. Toa nipo, shusha gari kwenye springi zake, acha iliyozidi ijitoe, kisha rudisha nipo.